NYUMBA YA KALE YA SHAMBA CHINI YA MILIMA YA NGONG

Haya ni maneno ya mazungumzo juu ya nyumba za kale za Nairobi na vitongoji vyake.

Wasikilizaji, mtu asimamaye jijini Nairobi, mahali ambapo barabara ya Kenyatta hukutana na Uhuru Highway, huiona nyumba ya mawe ya kijivu iliyojengwa mwaka 1913 ili iwe ofisi ya Mkuu wa Jimbo. Siku hizi nyumba hiyo huitwa Nairobi Gallery, nayo imo chini ya Makumbusho ya Taifa. Kando yake ndipo mahali palipowekwa kuwa mwanzo wa kuhesabia urefu wa barabara za Kenya. Basi safari ya mazungumzo haya nayo na ianzie hapo.

Msafiri akipanda kwa Valley Road, akaishika barabara ya Ngong, akapita Dagoretti Corner, kisha uwanja wa mashindano ya farasi na msitu wa Ngong, baada ya mwendo wa maili kumi hivi atafika Karen. Huko, nyuma ya miti mirefu na majani yaliyokatwa vizuri, iko nyumba ya shamba isiyo na ghorofa, yenye kuta za mawe na paa la vigae vyekundu. Ilijengwa mwaka 1912, yaani mwaka mmoja kabla ya ofisi ile ya mjini. Baraza yake imeielekea milima ya Ngong, ambayo vilele vyake huonekana vizuri asubuhi kabla ya mawingu kushuka.

Watu wengi waijuao nyumba hii huijua kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Denmark, Bibi Karen Blixen, aliyeandika kitabu juu ya maisha yake hapo. Lakini nyumba ina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na Bibi Blixen alikaa humo miaka kumi na minne tu. Waashi waliijenga kabla yake, watumishi waliitunza pamoja naye, na wengine wakaishi humo baada yake. Nyumba ni kama barua iliyoandikwa na watu wengi, na asomaye sahihi ya mmoja tu hajaisoma barua yenyewe.

NYUMBA YA MKULIMA HUKO UINGEREZA

Aliyeijenga nyumba hii alikuwa Mswidi, na walioinunua kwake walikuwa mume Mswidi na mke Mdenmark. Hata hivyo nyumba yenyewe ni ya namna waliyoipenda walowezi wa Kiingereza katika Nairobi ya siku zile, na ili kuielewa ni lazima kwanza kujua nyumba ya mkulima huko Uingereza ilikuwaje.

Wako wanaodhani kwamba wakulima wa Kiingereza walikaa katika majumba ya mawe tangu zamani za kale. Sivyo. Katika sehemu nyingi za nchi yao nyumba ya mkulima ilijengwa kwa nguzo na boriti za mwaloni, mti mgumu sana, zilizofungwa pamoja kwa vigingi vya mti badala ya misumari. Baina ya nguzo zilisukwa fito, kisha fito zikakandikwa kwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Paa liliezekwa kwa nyasi. Mzee wa Kikuyu au wa Kiluhya angaliiona nyumba hiyo ikijengwa, asingalihitaji kuelezwa kazi ya kukandika. Angalistaajabia umbo tu, maana ile ilikuwa ndefu ya pembe nne, na ya kwao ilikuwa ya mviringo.

Kadhalika moto. Kabla ya kujengwa dohani, mkulima wa Kiingereza aliwasha moto katikati ya sakafu ya chumba kikubwa, na moshi ukapanda wenyewe hadi kwenye paa na kupenya nje. Hata leo, katika nyumba nyingine za shamba zilizodumu tangu miaka ya 1400, mtu akipanda darini huyaona makombamoyo yamekuwa meusi kwa masizi ya moto huo wa kale. Katika nyumba ya mama wa Kikuyu nako moto ulikaa katikati, juu ya mafiga matatu, na moshi ukaikausha nyasi ya paa na kuwafukuza wadudu. Tena katika jimbo la Devon, watu walikaa upande mmoja wa nyumba ndefu na ng'ombe upande wa pili, chini ya paa moja, kama vile mbuzi walivyolala ndani ya nyumba ya Mkikuyu. Wakulima wote wa zamani walijua kwamba mnyama ni mali, na kwamba joto lake usiku wa baridi ni faida.

Mabadiliko makubwa yalikuja kati ya mwaka 1570 na mwaka 1640 hivi. Bei ya nafaka na sufu ilipopanda, wakulima wengi wa Kiingereza walipata fedha, wakazijenga upya nyumba zao. Moto uliondolewa katikati ya sakafu ukawekwa ukutani, chini ya dohani ya matofali au mawe. Moshi ulipopata njia yake, ikawezekana kuweka dari na kujenga vyumba vya kulala juu. Madirisha yakatiwa vioo. Tangu hapo meko ya ukutani yakawa ndiyo moyo wa nyumba ya Kiingereza, na Mwingereza alipokwenda nchi za mbali aliyachukua meko hayo moyoni mwake, hata pale ambapo jua lilimtosha.

MTINDO ULIOPITIA BARA HINDI

Lakini mtindo huo haukufika Nairobi moja kwa moja. Ulipitia Bara Hindi. Huko Bengali wenyeji walikuwa na nyumba za chini zenye paa pana lililoshuka mpaka kuifunika baraza, na Waingereza waliokwenda kufanya biashara na baadaye kutawala waliziona zinafaa kwa nchi ya joto, wakaziiga. Kutoka jina la Bengali lilizaliwa neno ambalo Waswahili husema bangaloo. Nyumba hiyo ilipoletwa Afrika ya Mashariki ilikuwa imekwisha changanyika: baraza na paa la Kihindi, meko na dohani ya Kiingereza.

Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei mwaka 1899. Kwa miaka michache ya kwanza mji ulikuwa wa mabati, mbao na mahema. Mwaka 1902 tauni iliingia katika soko la Wahindi, na maduka yale yakachomwa moto kwa amri ya daktari. Baada ya hapo, kadiri mji ulivyokua, mawe yakaanza kushika mahali pa mabati. Ardhi ya Nairobi ina mawe ya kijivu yaliyotokana na majivu ya volkano. Ni laini kiasi cha kuchongwa kwa tindo, tena ni magumu kiasi cha kubeba ukuta kwa miaka mia. Vigae vyekundu vya namna ile ya Mangalore, vilivyoanza kufanyizwa kwa mashine katika Bara Hindi mwaka 1865, vilishushwa Mombasa na kupandishwa kwa reli. Waashi na maseremala wengi walikuwa Wahindi, na waliochimba mawe, kuyabeba na kuyapanga walikuwa Waafrika. Majina ya wenye nyumba yameandikwa katika vitabu. Majina ya mafundi hao, isipokuwa machache, yamepotea.

Ardhi nayo ina habari yake. Sheria ya Ardhi za Serikali ya mwaka 1902, na ile ya mwaka 1915 iliyoruhusu ukodishaji wa miaka 999, zilifungua njia ya Wazungu kupewa mashamba makubwa. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaondoa Wamasai wengi katika malisho yao ya zamani. Hivyo nchi ile iliyo kati ya Nairobi na Ngong, ambako Wakikuyu na Wamasai walikuwa wakipakana, wakibadilishana vitu na kuoana, mara wakipigana na mara wakipatana, ikagawanywa kwa vipimo vya ramani. Nyumba ya mwaka 1912 ilisimamishwa juu ya ramani hiyo.

NYUMBA YENYEWE

Aliyeijenga alikuwa mhandisi wa Kiswidi, Bwana Åke Sjögren. Iliitwa Mbogani, jina lililoelezwa kuwa na maana ya nyumba iliyo msituni, na wengine wakalitamka Bogani. Mwezi wa Januari mwaka 1914, Bibi Karen Dinesen alifika Mombasa kutoka Denmark, akaolewa huko na Bwana Bror Blixen wa Uswidi. Kwanza walikaa katika nyumba ndogo zaidi ya shamba, iliyoitwa Mbagathi. Kampuni ya jamaa zake ilipoongeza ardhi kwa kununua mali ya Bwana Sjögren, shamba lote likawa ekari 6,000 hivi, na mwaka 1917 wakahamia Mbogani.

Aingiaye nyumba hii leo huona kwanza kwamba ni ya chini na ndefu, na kwamba vyumba vyake vimepangwa upande kwa upande, si kimoja juu ya kingine. Kuta ni nene, na ndani baadhi ya vyumba vimefunikwa kwa mbao, ambazo huzuia baridi ya mawe. Meko ya ukutani yako, wala si ya pambo, kwa sababu mahali hapa pako futi 6,000 hivi juu ya bahari, na usiku wa mwezi wa Julai huwa na baridi kali. Hapo ndipo alama ya mkulima wa Uingereza inapoonekana.

Nje, alama ni ya Bengali. Baraza ni chumba kisicho na ukuta: ndipo mwenye nyumba alipokula, alipopokea wageni, tena ndipo alipowasikiliza watu wa shamba waliokuja na mashauri yao. Waswahili hulitumia neno baraza kwa mahali pa kukaa na pia kwa mkutano wenyewe, na nyumba hii yaonyesha kwamba neno hilo halikukosea. Asubuhi wagonjwa walikuja na vidonda na homa, maana Bibi Blixen aliwatibu kwa dawa alizokuwa nazo. Jioni wazee walikuja na daawa zao.

Jikoni hakumo katika nyumba. Ni kijumba cha peke yake huko nyuma, kama ilivyokuwa desturi katika mashamba ya Wazungu wakati ule, ili moto, moshi na harufu vikae mbali na vyumba vya bwana. Ukiuliza nyumba hii ilikuwa na desturi gani, hatua zile za kutoka jikoni hadi meza ya chakula zitajibu. Kila siku, mvua ikinyesha au jua likiwaka, mtu mmoja alizitembea akibeba sahani kwa ajili ya mwingine.

WATU WA NYUMBA

Mwangalizi wa nyumba alikuwa Farah Aden, Msomali, aliyefanya kazi na Bibi Blixen tangu mwaka 1914 mpaka alipoondoka mwaka 1931. Farah alishika funguo, alishika fedha za matumizi, aliwasimamia watumishi, na mara nyingi alikuwa mkalimani na mshauri. Nyumba ilikwenda kwa akili yake.

Mpishi alikuwa Kamante Gatura, Mkikuyu. Alipokuwa mtoto mchungaji alipatwa na vidonda vibaya miguuni. Dawa za nyumbani ziliposhindwa alipelekwa hospitali ya misheni ya Waskoti, akapona, akarudi, akaingia jikoni. Alijifunza kupika vyakula vya Kizungu hata wageni wa Nairobi wakamsifu. Kamante hakubaki kuwa mtu wa kusimuliwa tu. Mwaka 1975 kilitolewa kitabu chenye hadithi zake mwenyewe juu ya shamba, kilichokusanywa na mpiga picha Mmarekani, Peter Beard. Hivyo nyumba hii ina bahati ambayo nyumba nyingi za walowezi hazina: imesimuliwa kutoka mlango wa mbele na kutoka mlango wa jikoni pia.

Katika chumba cha chakula palikuwa na saa ya Kijerumani, ya namna ile yenye ndege wa mti atokaye mlangoni na kulia kila saa. Watoto wachungaji wa shamba waliijua saa yake. Wakawaacha mbuzi nje, wakaingia kimya wakati wa adhuhuri, wakamngoja ndege atoke, wakacheka na kwenda zao. Kwa mwenye nyumba saa ile ilikuwa ya kujulisha wakati. Watoto wale wakati walikuwa wakiusoma kwa jua, na saa kwao ilikuwa mchezo.

Na nyuma ya nyumba iko meza iliyofanyizwa kwa mawe ya kusagia. Mawe hayo yalitoka katika kinu cha maji kilichokuwapo shambani. Wasagaji wake walikuwa Wahindi, nao walisema kwamba mawe yalivuka bahari kutoka Bombay, kwa kuwa mawe ya Afrika si magumu ya kutosha. Wasagaji hao waliuawa, na baada ya mauaji hayo hakuna aliyethubutu kukiendesha kinu tena. Mawe yakaletwa nyumbani yakawa meza, na mwenye shamba akaketi hapo kuvuta sigara na kuitazama milima. Mgeni aiwekaye mikono juu ya meza hiyo huyagusa pamoja Bara Hindi, Mbogani na damu ya watu waliouawa.

Mbali kidogo na nyumba, ng'ambo ya mibuni, yalikuwako makao ya maskwota. Hawa walikuwa jamaa za Wakikuyu waliokaa shambani na kulima vishamba vyao na kuchunga mifugo yao, kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye ardhi. Sheria ya mwaka 1918 ilitaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka. Wengi wao baba zao walikuwa wakikaa katika nchi ile kabla ya Mzungu yeyote kuiona, lakini kwa mujibu wa sheria wao ndio walioitwa wageni.

MGONJWA ALIYEKATALIWA

Miongoni mwa wageni wa heshima wa nyumba hii alikuwa Kinyanjui wa Gathirimu, aliyetambuliwa na Serikali ya Kiingereza kuwa chifu mkuu wa Wakikuyu wa sehemu za Dagoretti. Alikuja shambani kusuluhisha daawa kubwa, akakalishwa kitini kwa adabu, na neno lake likakubaliwa.

Mwaka 1929 Kinyanjui alishikwa na ugonjwa wa mguu uliokuwa umeoza. Akamwita Bibi Blixen nyumbani kwake. Watu wa misheni walitaka kumpeleka hospitali yao, naye hakutaka. Akamwomba bibi yule amchukue kwa motokaa, ampeleke katika nyumba ya Mbogani, ili afie huko. Bibi Blixen alikataa. Katika kitabu chake alikiri jambo hilo bila kujificha. Alisema kwamba alikwisha choka, kwamba shamba lilikuwa likimponyoka mikononi, na kwamba aliogopa lawama za watu kama chifu angekufa chini ya paa lake. Kinyanjui akapelekwa hospitali ya misheni ya Waskoti, akafa.

Wasomaji wa kitabu hicho wamegawanyika. Wako waonao humo upendo wa kweli kwa watu wa shamba. Wako pia kama mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekilaumu kwa ukali, akisema kwamba mwenye kuwasifu watu kwa kuwafananisha na wanyama hajawapa heshima ya watu. Nyumba yenyewe haiwezi kuamua shauri hilo. Lakini asimamaye kizingitini pake na kukumbuka ombi la Kinyanjui ataelewa jambo moja: mlango ulikuwa wazi kwa chifu alipokuja kuamua daawa, na ulifungwa alipokuja kuomba mahali pa kufa.

KAHAWA ILIPOSHINDWA

Shamba lilikuwa na ekari 600 hivi za mibuni. Mbuni hupenda nchi ya juu, lakini si ya juu kupita kiasi. Hapa baridi na upepo wa Ngong viliidhuru, na mvua zilikosa katika miaka kadhaa. Mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kiliteketea kwa moto. Nzige wakaja. Kisha mwaka 1929 biashara ya dunia ikaanguka, na bei ya buni ikaanguka nayo. Kampuni ilikuwa na deni kubwa, na mwaka 1931 ardhi ikauzwa kwa Bwana Remi Martin, ambaye aliikata viwanja vya kukaa watu wenye mali. Mwezi wa Mei mwaka huo huo rafiki wa Bibi Blixen, Bwana Denys Finch Hatton, alikufa kwa ajali ya ndege huko Voi, akazikwa katika milima ya Ngong.

Kwa mwenye nyumba mwisho huo ulikuwa huzuni. Kwa maskwota ulikuwa hatari. Mwenye ardhi mpya hakuwa na haja nao, na sheria haikuwaruhusu kununua ardhi hiyo. Walipewa notisi ya kuondoka, na hofu yao kubwa ilikuwa kutawanywa, kila jamaa na mahali pake, kama mbegu zilizomwagwa njiani. Waliomba jambo moja: wawekwe pamoja, wao na mifugo yao, ili wabaki watu wanaojuana. Bibi Blixen alitumia miezi yake ya mwisho kwenda ofisi moja mpaka nyingine mjini Nairobi akiwaombea, hata kwa Gavana mwenyewe. Mwishowe walikubaliwa kuhamia pamoja katika sehemu ya msitu wa Serikali wa Dagoretti. Yafaa kukumbukwa kwamba katika mambo yote yaliyofanywa na mwenye nyumba ile, ni hili lililodumu zaidi ya vyombo vyake, ijapokuwa lilikuwa kuomba kwa hisani kitu ambacho waliombewa walikiona kuwa haki yao.

Vyombo vya nyumba viliuzwa. Baadhi yake vilinunuliwa na Lady McMillan, vikawekwa katika Maktaba ya McMillan, jengo lile lenye nguzo nyeupe na sanamu za simba katikati ya Nairobi, lililofunguliwa mwaka huo huo wa 1931. Kwa miaka mingi maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Hivyo viti vya Mbogani vilikwenda mjini, mahali ambapo Kamante na Farah wasingaliweza kuketi juu yake.

NYUMBA BAADA YA 1931

Bibi Blixen alirudi Denmark, katika nyumba ya kale ya wazazi wake huko Rungsted, wala hakuiona Kenya tena. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1937, naye akafa mwaka 1962. Nyumba ya Mbogani ilinunuliwa mwaka 1935 na afisa wa jeshi la Kiingereza, aliyekaa humo mpaka alipofariki mwaka 1954. Baadaye ilipita mikononi mwa wengine. Mwaka 1964 Serikali ya Denmark iliinunua pamoja na ardhi iliyoizunguka, ikaitoa kwa Kenya kuwa zawadi ya uhuru. Hapo pakawa chuo cha mafunzo ya lishe.

Mwaka 1985 ilitoka sinema ya Kimarekani iliyofuata kitabu kile, na watu wa dunia wakaanza kuiulizia nyumba. Mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Vyombo vingine vya asili vilirudishwa, na vingine vilivyofanana navyo vikatafutwa. Ajabu ndogo ni kwamba mandhari ya nyumba katika sinema hiyo ilipigwa si Mbogani bali Mbagathi, nyumba ile ya kwanza. Hata jina la kitongoji cha Karen lina ubishi: wengi husema limetokana na Bibi Blixen, na wengine husema ni jina la binti wa mwenyekiti wa kampuni ya shamba, aliyeitwa Karen pia.

Mashamba yaliyokuwa jirani yamekatwa vipande, na vipande vikakatwa tena. Nyumba nyingi za umri ule katika Karen, Lang'ata na Dagoretti zimebomolewa, mahali pake pakajengwa nyumba za kupangisha na maduka. Wako wasemao: na zibomolewe, maana ni kumbukumbu za unyang'anyi wa ardhi. Maneno hayo hayakosi sababu. Lakini ukuta ukibomolewa, ushahidi nao hubomolewa. Aliyeporwa hafaidiki kwa kupotea kwa hati. Ofisi ya Mkuu wa Jimbo mjini haikuvunjwa; iliwekwa picha za wasanii wa Afrika. Na Kipande House, iliyojengwa mwaka 1913 karibu na hapo, ambako baadaye Waafrika walipanga mstari kuandikishwa vipande walivyolazimishwa kuvaa shingoni, bado imesimama ikiwa na jina lake lile lile, ijapokuwa leo ni benki. Mtoto aulizaye kwa nini jengo laitwa hivyo hupata somo ambalo kitabu kingehitaji kurasa kumi.

Basi mwenye nafasi na aende Karen siku moja, pamoja na watoto wake. Asianzie sebuleni. Aizunguke nyumba kwanza, aende jikoni, ahesabu hatua za kufika mezani. Ayatazame mawe ya ukutani, aone mahali tindo ilipopita, akumbuke kwamba kila jiwe lilibebwa na mtu. Akifika kwenye mawe ya kinu, awaambie watoto habari za Bombay. Na kama yuko mzee katika jamaa yake aliyezaliwa shambani kwa skwota, Ngong au Limuru au Naivasha, amwulize jioni hiyo hiyo nyumba yao ilikuwa wapi, meko yalikuwa upande gani, na siku ya kuhama walibeba nini. Ayaandike majibu hayo. Nyumba ya mwenye shamba imejengwa kwa mawe, nayo itangoja. Nyumba ya skwota ilikuwa ya fito na udongo, na sasa imebaki katika kichwa cha mzee tu.